Mwamuzi Asiyekuwa na Punda

Siku ya kwanza Nehemiah Okemwa kumwona mzee Onyiego, mzee alikuwa amempa mgongo. Alikuwa amechuchumaa ndani ya shimo la mawe kule Tabaka, akichomeka kibanzi cha jiwe, chembamba kama ukucha, kwenye ufa wa ukuta wa shimo. Alikichomeka, akakitazama, akakichomoa, akatafuta kingine chembamba zaidi. Okemwa alikuwa ametoka Kebirigo kabla ya jua, amebadilisha gari Kisii mjini, na viatu vyake vya kanisani vilikuwa vimegeuka vyeupe kwa vumbi. Mkononi alishika barua ya utambulisho kutoka kwa mzee wa kanisa lao. Alikuwa mtu wa haya, hakupenda kumkatiza mtu kazi, kwa hiyo akangoja. Alingoja mpaka barua ikaanza kulowa jasho.

Hatimaye Onyiego akasema bila kugeuka, "Ukisimama hapo unanitilia kivuli."

Hayo ndiyo yaliyokuwa makaribisho. Okemwa akasogea. Mzee akamaliza vibanzi vyake, vinane kwa hesabu, akapanda juu taratibu, akaisoma barua mwanzo mpaka mwisho kana kwamba imetoka serikalini, kisha akaikunja na kumrudishia.

"Nenda kwa Persis," akasema, akaenda zake.

Okemwa alikuwa na miaka thelathini na minne wakati huo. Shule aliiacha darasa la nane. Shamba la chai la baba yake lilikuwa limegawanywa kwa ndugu watano, na fungu lake mtu angeweza kulichuma akamaliza kabla uji haujapoa. Alijua kuchonga miiko na viti vya mbao, na kichwani mwake aliamini kwamba mtu anayeweza mbao ataliweza jiwe, tena jiwe lenyewe ni lile laini linalokatika kwa panga. Alikuja kuwa mchongaji. Kumbe Persis alikuwa mkubwa wa kina mama wa msasa, wale wanaokaa na makarai ya maji kusugua vinyago vilivyokwisha kuchongwa.

"Kaa hapa, baba," Persis alimwambia, akimsogezea karai. "Kunja mikono ya shati. Na hiyo saa uivue, hapa hakuna anayekuuliza ni saa ngapi."

Kina mama wakacheka. Mwanamume mwenye ndevu zake akaketi katikati yao, mikono ndani ya maji, akasugua viboko na vibakuli. Alidhani ni kwa wiki moja. Ilikuwa mwaka mmoja na miezi minne. Kila Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, alijiambia kwamba Jumapili atamwuliza Onyiego, mwenyekiti wao, sababu, na kila Jumapili akarudi kwenye karai. Baadaye sana ndipo alipogundua kwamba msasa ulikuwa umemfundisha mahali jiwe linapoficha nyufa zake, jambo ambalo wachongaji wengi hawalijui mpaka kinyago kiwapasukie mikononi. Alipogundua hivyo hakufurahi, alikasirika. Neno moja tu lingetosha. Mzee angesema, "Kaa huko ujifunze nyufa," na mtu akakaa kwa moyo mweupe. Lakini Onyiego alikuwa akitoa maneno kama mtu anayetolewa jino.

Mikutano ya kikundi cha wachongaji ndiyo iliyomchosha Okemwa kuliko kitu kingine. Mwenyekiti aliyemtangulia Onyiego alikuwa mtu wa makelele. Aligombana na nusu ya watu, akaondoka na waliomfuata kwenda mlima wa pili, akaacha nyuma kikundi cha watu wasiosalimiana. Basi ungetarajia kwamba anayefuata atasimama, atasema, atapanga. Onyiego alikaa pembeni juu ya jiwe akinoa kisu. Watu walizungumza, wakatukanana kidogo, wakarudia yale yale. Wakishachoka, yeye huinuka na kusema, "Tumesikia," kisha mkutano umekwisha. Nani amesikia nini, hakuna aliyejua. Jumapili mbili baadaye jambo lenyewe unakuta limeshafanyika. Mtaro umechimbwa. Wale wawili waliogombana wamewekwa kuchonga upande mmoja wa kivuli. Ukiuliza nani aliamua, hupati jibu.

Na kila asubuhi, kabla ya mtu mwingine kufika, alishuka mashimoni kutazama vibanzi vyake. Kibanzi kikikaza, ufa umelala. Kibanzi kikianguka, ufa umepanuka, na siku hiyo hakuna anayeshuka. Angwenyi, mchongaji hodari na mwenye mdomo kuliko wote, alimwita daktari wa mawe.

"Daktari, mgonjwa ameamkaje?" humwuliza.

"Ameamka," hujibu Onyiego.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa kiongozi wao ile Machi oda ya waamuzi ilipoingia.

Oda ililetwa na mama Shanta, mwenye duka la vinyago Kisii mjini, ambaye mama mkwe wake na mama wa mama mkwe wake walikuwa wakinunua mawe ya Tabaka tangu zamani. Mteja wake wa ng'ambo, mwenye shule ya Biblia ya watoto, alitaka waamuzi wote kumi na wawili wa Israeli, kila mmoja urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Wawe dukani kabla ya Mei kwisha.

"Mkichelewa sitawagombeza," Shanta alisema, akimalizia kwa salamu za Kikisii kama ilivyo desturi yake. "Nitawapa wale wa mlima wa pili. Wameniuliza mara tatu."

Onyiego akasoma majina, akawaambia watu, "Kila mmoja achague," akaenda kunoa panga.

Kila mmoja akachagua Samsoni. Zogo lilidumu mpaka chakula cha mchana, na kiongozi wao akiwa kwenye jiwe la kunolea, chwa, chwa, chwa. Mwishowe Persis akaokota vibanzi, kimoja cha waridi na vingine vyeupe, akaviweka ndani ya kofia. Okemwa, ambaye hakuwa amefungua mdomo asubuhi nzima, akatoa cha waridi.

"Nywele zote za Samsoni," Angwenyi akasema, "zimemwendea mtu mwenye upara."

Okemwa alicheka na wenzake, lakini kibanzi akakitia mfukoni. Kwa miaka kumi hakuwa amepewa kuchonga zaidi ya viboko na visahani, na siku nyingi bado alirudishwa kwenye msasa. Samsoni huyu akitoka vizuri, atahesabiwa mchongaji, na Shanta atalijua jina lake. Oda ikianguka, kina mama wa msasa wataendelea kumwekea karai. Hakuwa na shaka jiwe lake liko wapi. Lilikuwa chini kabisa ya shimo refu, jeupe lenye mishipa ya waridi, zima, upana wa mlango. Alikuwa akilitazama tangu Desemba kama mtu anavyomtazama mchumba.

Waliobaki wakagawana. Angwenyi alichukua Gideoni na mwenge wake. Debora, Persis alisema, mchongeni nyinyi lakini uso tutaumaliza sisi. Yairi alikuwa na wana thelathini waliopanda punda thelathini, kwa hiyo angewekewa punda. Abdoni naye punda. Eloni, ambaye hana habari iliyoandikwa, akaongezewa fimbo. Akabaki mmoja. Angwenyi akafungua Biblia, akatafuta, akacheka.

"Tola, mwana wa Pua. Amepewa mistari miwili. Aliinuka kuokoa Israeli, akakaa Shamiri, akaamua miaka ishirini na mitatu, akafa, akazikwa huko huko. Basi. Kuokoa kutoka kwa nani, hatuambiwi. Hata punda mmoja hana."

"Huyo nitamchukua mimi," akasema Onyiego.

Mvua ndefu zilianza kwa hasira mwaka huo. Okemwa alikuwa bado anachonga Samsoni wa udongo wa kujaribia wakati, Jumanne moja, walipofika na kukuta mti wa mkaratusi umelazwa kukata njia ya kushukia shimo refu. Onyiego alikuwa ameketi juu yake, ameweka jiwe dogo mapajani, anamchonga Tola.

"Kimeanguka kimoja?" Persis akauliza.

"Vitatu."

"Kwa muda gani tumefungiwa?" Angwenyi akauliza.

"Sijui."

"Omogaka, mzee wetu, kuna tarehe. Mama Shanta ana kalenda ukutani, nimeiona. Ufa wako una kalenda?"

"Hauna," Onyiego alikubali, akaendelea kuchonga.

Wakapiga kelele. Watu sita walikuwa wanategemea jiwe la shimo lile. Angwenyi alisema wazi kwamba wa mlima wa pili wangekuwa wameshashuka na kupanda, kwamba kikundi kinaongozwa na vibanzi, kwamba hata Tola mwenyewe lazima siku moja aliinuka kwenye kiti. Onyiego alisikiliza yote. Hakujitetea hata kwa neno. Hilo ndilo lililomtia Okemwa kichaa. Angesema tu, jamani ukuta unasogea, nawaogopea watoto wenu. Angewakumbusha wale vijana wawili waliozikwa hai kwenye shimo la jirani mwaka ule wa mafuriko, kabla hajawa mwenyekiti. Hakusema.

Siku tisa zilipita. Okemwa alijizoeza maneno nyumbani, akiuambia ukuta, na siku ya kumi akaenda.

"Omogaka, ni jiwe moja tu. Nalijua lilipo. Nikishuka na mtaimbo, kabla chai ya saa nne haijaiva nimepanda."

"Ni kweli," akasema Onyiego.

"Basi nishuke?"

"Hapana."

"Lakini umesema ni kweli."

"Ni kweli kwamba pengine ungepanda."

Okemwa alikuwa amejizoeza jibu la kila kitu isipokuwa hilo. Alirudi kwenye karai lake, akasugua mgongo wa kiboko mpaka Persis akamnyang'anya, akasema mnyama huyo atabaki mifupa.

Alhamisi, siku ya soko, watu walipotawanyika, Okemwa alichukua mtaimbo na kamba, akaenda shimoni. Alijua mzee atakuwa pale, na safari hii alikuwa amekusudia kuruka mti hata akipigwa. Onyiego alimwona akija. Alimlaza Tola kwenye nyasi, akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya Tola asinyeshewe. Kisha akainuka akishikilia goti, kwa sababu alikuwa anakaribia miaka sabini, akapitisha mguu mmoja upande wa pili wa mti.

"Unaenda wapi?" Okemwa akauliza.

"Si unashuka?"

"Nashuka mimi."

"Haya. Mtaimbo unataka watu wawili."

Ngazi za udongo zilikuwa zinateleza kama ngozi ya ndizi. Okemwa alizitazama, akamtazama mzee na miguu yake myembamba, mmoja huku, mmoja kule. Mzee angemzuia kwa fimbo, Okemwa angeruka. Angemtukana, angepata nguvu. Lakini mtu anayekubali kufa nawe bila hata kubishana, unamfanyaje? Okemwa aliutupa mtaimbo chini kwa nguvu ambazo hakuwahi kuzitumia mbele ya mkubwa wake, akaondoka bila kuaga. Njia nzima alijigombeza, akamgombeza Onyiego, akamgombeza Samsoni.

Asubuhi iliyofuata alikuta jiwe mlangoni pa kibanda cha kuchongea. Lilikuwa pana, kavu, limelainika upande mmoja kwa kukanyagwa. Alilijua mara moja. Lilikuwa kizingiti cha nyumba ya Onyiego, lililokaa pale miaka ishirini likikaushwa na jua. Mzee alikuwa amelichimbua kwa jembe jana yake, kabla usiku haujaingia, akalisukuma kwa toroli. Nyuma ya toroli alikuwa amekuja mke wake, Nyanchera, na hakuja kimya.

"Muulizeni mwenyekiti wenu nitaingiaje nyumbani," alikuwa akiwaambia kina mama. "Nipande kama mbuzi? Nimemwuliza tangu jana. Ananiambia nyanyua mguu."

Okemwa aligonga jiwe kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Zima kabisa. Hakuwahi kusikia jiwe lenye sauti safi namna ile. Hakujua aseme ahsante au apige yowe, kwa hiyo akachukua panga.

Baada ya hapo mambo yakaenda yenyewe. Angwenyi alikwenda kwake akang'oa jiwe la kukalia lililokuwa uani, akinung'unika kwamba Gideoni atanuka mbuzi. Mwingine akaleta jiwe lililokuwa likishikilia lango. Hakuna aliyewaagiza. Kijiji kizima kikawa kinaruka kuingia nyumbani kwake mwezi huo, na waamuzi wakatoka mmoja mmoja, kina mama wakawasugua, wakawapaka nta. Mei haijaisha, kumi na wawili walikuwa wamefungwa kwa majani ya migomba ndani ya masanduku.

Dukani, Shanta aliwapanga kwenye kaunta, akavaa miwani. Alimsifu Samsoni, akauliza aliyemchonga, na Okemwa akatazama sakafu mpaka Angwenyi akamsukuma mbele. Kisha Shanta akamfikia Ehudi.

"Huyu si ndiye wa mkono wa kushoto?"

Wakatazama. Upanga wa Ehudi ulikuwa mkono wa kulia. Watu kumi na wawili waliolelewa katika Shule ya Sabato, wanaoijua habari ya Ehudi kama wanavyoijua njia ya mtoni, walikuwa wamemtazama mwezi mzima, na kila mmoja alikuwa ameuona upanga mahali ambapo yeye mwenyewe angeushika.

"Alikuwa amepumzisha wa kushoto," akasema Angwenyi.

Shanta alicheka mpaka akavua miwani. Onyiego aliomba maji, msasa na kisu, akakaa pale pale kwenye mlango wa nyuma, akauondoa upanga mkono wa kulia, kisha bonge la jiwe lililokuwa limeachwa katika mkono wa kushoto akalichonga likawa upanga mfupi. Ilichukua saa mbili. Hakuuliza ni nani aliyekosea.

Mwisho kabisa Shanta akamshika Tola. Alikuwa mtu aliyeketi, mikono juu ya magoti, basi. Hana fimbo, hana punda, hana taji. Uso wake ulitazama upande kidogo, kama mtu anayesikiliza nyumba wakati watu wamelala.

"Mzee Onyiego, huyu hajaisha."

"Ameisha, mama."

"Anafanya nini?"

"Anakaa."

"Mteja ataniuliza."

Okemwa alimngojea Onyiego aseme. Alihesabu mpaka kumi. Duka zima lilingoja, na yule mzee anatazama nje barabarani kana kwamba habari hizi ni za mtu mwingine. Uvumilivu ukamwishia Okemwa, na kwa mara ya kwanza maishani akazungumza mbele ya kaunta ya watu.

"Mama, kabla yake kulikuwa na Abimeleki. Huyo aliua ndugu zake sabini juu ya jiwe moja, akachoma watu ndani ya mnara. Halafu anakuja Tola, miaka ishirini na mitatu, na hakuna kilichoandikwa. Hakuna aliyechomwa. Watu walilima, wakaoa, wakazeeka. Sasa hiyo utaichongaje? Utamwekea nini mkononi?" Akahema. "Tena nadhani watu wake walikuwa wamemchoka vibaya."

Shanta alimgeuza Tola mara mbili. "Baba mkwe wangu Subhash," akasema, "alifungua duka hili kila siku miaka arobaini. Ukimchonga atakuwa hivi hivi." Akamweka sandukuni na wenzake.

Sasa msomaji angependa kusikia kwamba shimo liliporomoka. Okemwa naye alipenda, Mungu amsamehe. Kila mvua iliponyesha alilala akitega sikio, akingoja ule mshindo ambao ungewanyamazisha wote na kumfanya aone kwamba hakuzuiwa bure. Shimo halikuporomoka. Juni ilipita, Julai ikakauka, ukuta umesimama pale pale. Kila asubuhi Angwenyi alipita akauambia, "Hujambo, marehemu." Onyiego alicheka na wenzake. Wakati wa kiangazi alipanda juu na mtaimbo, akawa anaubomoa ukuta kutoka juu, kidogo kidogo, kazi ya kuchosha isiyotoa hata jiwe moja la kuchongwa. Hakuwa amefika nusu alipoanza kukohoa. Novemba alilazwa, Desemba wakamrudisha nyumbani.

Kikundi kilikutana bila yeye. Watu walizungumza mpaka wakachoka, na walipochoka waligundua kwamba hakuna anayeinuka kusema wamesikia. Persis akamtaja Okemwa. Okemwa alitaka kukataa, lakini kukataa kunataka hotuba, na kabla hajaipanga makofi yalikuwa yameshapigwa.

Mvua ndefu zikarudi. Ukuta ule, nusu umebomolewa, nusu umening'inia, ulikuwa sasa wake. Oda nyingine ilikuwepo, watu walikuwepo, na kila asubuhi walimkuta amesimama kwenye njia ya kushukia. Kwa muda gani, walimwuliza. Alijieleza. Alieleza habari ya maji, ya nyufa, ya vijana wa mwaka wa mafuriko, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyopata mahali pa kubishia. Angwenyi alimwambia kwamba angalau daktari wa zamani hakuwachosha masikio.

Jumatano alikwenda nyumbani kwa Onyiego. Nyanchera alimpeleka chumbani, akamwachia kiti. Mzee alikuwa amepungua, mikono yake imelala juu ya blanketi, misafi ajabu, haina vumbi hata kwenye kucha. Walizungumza kidogo habari za kina Persis, za bei ya nta. Kisha Okemwa akamwambia yote bila kupumua: ukuta, watu, oda, siku sita za kusimama pale kama mlingoti. Akamwuliza alichokuja kuuliza.

"Omogaka, niambie leo, tafadhali. Neno moja. Shimo nilifungue au nisilifungue?"

Onyiego alifumba macho kwa muda mrefu. Okemwa alijua ukimya huo, alikuwa ameishi nao miaka kumi na mmoja, na bado alisikia hasira ikimpanda kama siku ile ya mtaimbo. Mzee akafumbua macho, akamtazama, akaonekana kushangaa kidogo kwamba swali bado lipo.

"Mimi niko kitandani, Nehemiah. Wewe ndiwe uliyetoka kulitazama asubuhi."